Nani Amlipe Mwalimu wa Ganuni?

Leo nataka tuzungumze habari ya fedha. Fedha za barabara na za dawa zina wasemaji wengi, na ni haki yao. Mimi nataka kuzisemea fedha za umma zinazokwenda kwenye sanaa na utamaduni wetu sisi watu wa visiwani: zinatoka wapi, zinaishia wapi, na ni nani hazimfikii.

Tuanze na Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Wazee wa taarab husimulia kwamba muziki wa Misri ulimkaa moyoni, akamgharimia kijana mmoja aitwaye Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Kijana akaenda, akajifunza, akarudi, akawafunza wenzake, likapatikana kundi la wapigaji ndani ya kasri. Taarab yetu ya Unguja, hii tunayoitembeza duniani kwa kujivuna, mizizi yake imo katika kitendo hicho: hazina ya nchi ilimlipia mwanafunzi, na mwanafunzi akarudi kuwa mwalimu.

Sikusudii kumsifu Sultani. Hazina yake ilijaa kwa forodha na kwa karafuu, na karafuu ile ilichumwa kwa jasho la watumwa. Tena muziki wenyewe ulipigwa kasri, kwa Kiarabu, kwa ajili ya watu wa kasri. Ulipovuka ukafika mitaa ya Ng'ambo, kwa Kiswahili, ulivushwa na watu kama Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akichuuza vyungu, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurikodi santuri. Kwa hiyo fedha zilikuwa za nchi nzima na starehe ilikuwa ya wachache. Lakini katika kisa hicho lipo jambo moja ambalo Sultani alilipatia, nalo ndilo lililonileta hapa leo. Alilipia kujifunza kwanza. Jukwaa lilikuja baadaye.

Baada yake watu walijitegemea. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda Nadi Ikhwani Safaa, klabu ambayo ipo mpaka leo, wakachangishana na kuagiza ala zao wenyewe. Klabu za namna hiyo zikaishi kwa michango ya wanachama, kwa mialiko ya harusi, na kwa kutunza. Nadhani kutunza hakuna asiyekujua kati yenu. Mama anainuka kitini wimbo ukiwa umeshakolea, anakwenda mbele kwa madaha, noti kaishika kwa ncha za vidole ili kila aliyemo ukumbini aione, anamkabidhi mwimbaji, anageuka polepole huku macho yakimtafuta anayemkusudia, kisha anarudi kukaa. Noti ile imelipa na imesema. Imemwambia mtu fulani, asiyetajwa jina, kwamba beti hizo zimuingie yeye.

Huu ni mfumo wa fedha, wasikilizaji, na umezilisha klabu zetu kwa zaidi ya miaka 100. Siubezi hata kidogo. Lakini angalieni unalipia nini. Unalipia usiku ule, wimbo ule uliokwisha kuiva. Miaka saba au minane ambayo mpiga fidla aliitumia kuusaka ule mlio, hakuna anayeinuka kitini kuitunza.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali iliingia kwenye sanaa kwa miguu miwili. Kikundi kilichoanza 1958 kwa jina la Shime Kuokoana kikawekwa chini ya wizara, kikaja kujulikana kwa jina la Mila na Utamaduni. Wageni wanakijua kwa jina la Culture Musical Club. Na sisi wa redio tusijisahau katika hesabu hii. Tangu miaka ya 1950 redio ya umma imekuwa ikivirikodi vikundi vya taarab na kuvirusha hewani, na mkulima wa Kizimkazi au mvuvi wa Wete ambaye hakuwa na mwaliko wa harusi yoyote ya mjini akavisikia bure, nyumbani kwake, jioni akipumzika. Huko nako ni kuifadhili sanaa kwa fedha za umma, na kwa maoni yangu ndiko kulikowafikia watu wengi zaidi kuliko njia nyingine yoyote tuliyowahi kuijaribu. Kanda za zamani za aina ile zina tabia ya kuoza. Kila wimbo unaohamishwa kutoka kwenye kanda ukahifadhiwa kwa njia ya kisasa ni mali ya umma iliyookolewa, na kila unaoachwa ni hasara yetu sote.

Miaka ile ya baada ya Mapinduzi pia ilitufundisha ubaya wa serikali kuifadhili sanaa, na siutaji kwa kunong'ona. Serikali inapokuwa ndiyo mwajiri, ndiyo mwenye redio na ndiyo mwenye kukagua mashairi, mtunzi huanza kujikagua mwenyewe kabla ya kalamu kugusa karatasi. Wapo waliojifunza kuficha maneno yao ndani ya mafumbo kiasi kwamba hata walengwa hawakujua kuwa wamesemwa. Nitalirudia hili mbele, maana haliwezi kuachwa likapita hivi hivi.

Kisha zikaja zama za wafadhili. Tamasha la filamu la ZIFF lilifanyika kwa mara ya kwanza 1998. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA kama wengi tunavyokiita, kilifungua milango 2002. Sauti za Busara ilianza 2004, ikaijaza Ngome Kongwe kila Februari kwa watu kutoka kila pembe ya Afrika na nje yake. Kazi kubwa ilifanyika na nawapa heshima yao wote walioianzisha. Chuo kile kimetoa wapigaji na waimbaji, wanawake wengi miongoni mwao, ambao leo wanapanda majukwaa ya nchi za mbali na udi zao na ganuni zao. Miaka ishirini na tano nyuma, msichana wa Kizanzibari aliyetaka kujifunza kupiga udi angeanzia mlango gani?

Tatizo la fedha za ufadhili ni kwamba zina tarehe ya kumalizika. Ubalozi unasaini mkataba wa miaka mitatu. Miaka mitatu inakwisha, balozi anahamishwa, sera za kwao zinabadilika, au uchaguzi wa kwao unaleta watu wenye mawazo mengine. Sauti za Busara ya 2016 haikufanyika kwa kukosa fedha. Mwaka 2019 DCMA ikalazimika kutangaza hadharani kwamba hazina yake inakauka na kwamba inaweza kufunga. Tufikirie kidogo. Chuo kinachofundisha muziki wa Unguja, Unguja, kwa watoto wa Unguja, kinasubiri barua kutoka Ulaya ili kijue kama kitafungua mwezi ujao. Ulaya haina kosa hapo. Waliotoa walitoa kwa hisani, na mwenye hisani halazimishwi.

Sasa nitende haki kwa serikali. Si kweli kwamba haifanyi kitu. Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na unatunzwa na mamlaka ya umma. Ngome Kongwe, ambamo matamasha mengi makubwa yamefanyika, ni mali ya umma. Makunduchi kila Julai, wakati wa sherehe ya Mwaka Kogwa, watu wanapopigana kwa migomba na kile kibanda cha makuti kinapotiwa moto, viongozi huwapo. Lipo Baraza la Kiswahili, lipo Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, yapo makumbusho Unguja na Pemba. Fedha hutoka.

Lakini ukizifuata fedha hizo kwa macho utaona zinapenda kwenda kwenye vitu viwili: siku kubwa na jengo. Siku kubwa ina mgeni rasmi, ina maturubai, ina kamera. Jengo lina jiwe la msingi. Na jengo nalo linahitaji fedha, sikatai. Sote tunakumbuka 25 Disemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliposhuka upande mmoja likiwa katikati ya matengenezo yaliyofadhiliwa na Oman, na watu wawili wakapoteza maisha. Aliyeliona lile vumbi baharini hawezi kusema majengo yasihudumiwe. Hata hivyo, jumba likiporomoka nchi nzima hujua siku hiyo hiyo. Mpigaji wa mwisho wa aina fulani ya ngoma akifariki kijijini, hutangazwa saa ya maziko, akasomewa hitma, na hakuna anayejua kwamba tumepoteza kitu cha umri ule ule wa lile jumba au zaidi.

Nani basi hazimfikii? Kaa siku moja pembeni ya mwalimu wa ganuni anayemfunza mtoto wa darasa la sita. Ganuni ina nyuzi 70 na kitu, nyingi zimepangwa tatu tatu, na kila tatu lazima zitoe sauti moja. Hewa yetu ya bahari ina unyevu, na usiku mmoja tu unatosha kuzilegeza. Kwa hiyo mwalimu anaanza kwa ufunguo mkononi, anakaza uzi, anaudonoa, anasikiliza, anaulegeza kidogo, anahamia wa pili. Robo saa imepita, mtoto bado anatazama. Kisha anamvisha pete mbili kwenye vidole vya shahada, na katika kila pete amechomeka kipande chembamba cha kudonolea. Vidole vya mtoto ni vyembamba, pete zinacheza, mwalimu anazizungushia uzi. Anamuonyesha vile vijichuma vya upande wa kushoto vinavyopandisha na kushusha sauti, anamwambia hii ni maqamu ya rasti, hii ya bayati, funga macho, niambie ipi ni ipi. Mtoto anakosea. Anakosea tena. Uzi unakatika, na uzi wa akiba hauuzwi Darajani. Lazima uagizwe Misri, Uturuki au Dubai kwa mtu anayesafiri. Mwalimu anatia mkono mfukoni mwake.

Huyo ndiye ninayemsemea. Wengi wa walimu wa aina yake hawana mshahara kwa kazi hii. Mmoja anafanya kazi ofisini na kufundisha jioni. Mwingine hulipwa na hoteli apige saa moja wakati wageni wanakula, halafu fedha hiyo ndiyo inayomnunulia nyuzi za wanafunzi wake. Na nimemtaja wa ganuni kwa kuwa ganuni ina jina. Wapo wa ngoma za msewe na kibati kule Pemba, wapo wa kidumbaki, wa maulidi ya homu, wapo wanawake wanaoijua ngoma ya unyago kwa ukamilifu wake. Bi Kidude, mwimbaji wetu mashuhuri, aliwafunda wasichana kwa miaka mingi sana, na tuzo kubwa ya muziki ya WOMEX ilimfikia 2005, akiwa tayari mzee mno. Alipofariki Aprili 2013 viongozi wa nchi walifika kumzika Kitumba. Ilikuwa heshima kubwa na aliistahili. Swali langu ni dogo: kazi ile ya kufunda, aliyoifanya kabla dunia haijamjua, ilikuwa katika fungu gani la bajeti?

Nasikia mtu ananijibu: mbona Siti hakuhitaji bajeti? Ni hoja nzuri, nayo inastahili jibu. Siti alikuwa na soko. Santuri zake ziliuzwa Unguja na pwani nzima ya Afrika Mashariki, na kampuni ilimsafirisha kwa sababu ilijua itapata faida. Leo wimbo ukitoka asubuhi, adhuhuri umeshafika kwenye simu elfu moja, na mtunzi hajaona senti. Tunayo sheria ya hakimiliki ya 2003 na tunayo COSOZA, taasisi ya hakimiliki, na mirabaha ikilipwa ipasavyo itasaidia waliorikodi. Lakini mirabaha haimfikii mwalimu. Yeye harikodi, yeye hurikodisha.

Ipo na sababu ya pili, na hii ni ya visiwa hasa. Soko la kisiwa ni dogo. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu takriban milioni 1.89 Zanzibar nzima, na kati yao kama 543,000 ni wa Pemba. Kikundi cha watu 20 cha Micheweni kikitaka kuonyesha ngoma yake Ngome Kongwe, kabla hakijapiga hata pigo moja kimeshalipa magari ya kuteremka Mkoani, boti ya kuvuka, malazi na chakula, na kurudi. Mwenzake wa bara anapanda basi. Mwanamuziki wa mji mkubwa anaweza kupiga kila wiki mbele ya watu wapya mwaka mzima. Wa kisiwani, baada ya mara tatu, watu wote wameshamsikia. Bahari ni gharama, na gharama hiyo haijaletwa na uvivu wa msanii. Ndiyo maana matamasha yetu mengi hukutana Mji Mkongwe, na Pemba hubaki ikisikiliza habari zake redioni. Nalisema hili nikijua lina uchungu kwa wengi wanaonisikiliza kutoka Chake na Wete.

Wenzetu wa Lamu wana jambo la kututazamisha. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti shughuli za utamaduni, na kaunti zikaanza kazi 2013. Kwa hiyo Tamasha la Utamaduni la Lamu, lenye mashindano ya punda na ya majahazi, linasemewa na watu wa Lamu wenyewe katika bunge la kaunti yao, pamoja na Makumbusho ya Taifa. Haina maana kwamba fedha zinatosha. Nani aliwahi kusikia zinatosha? Maana yake ni kwamba Mlamu anamjua wa kumuuliza. Mpemba leo amuulize nani, na ampate ofisi gani?

Lakini mfano ulionishughulisha zaidi uko mbali, Shetland, visiwa vya kaskazini kabisa ya Uskoti, vyenye watu takriban 23,000 tu. Miaka ya 1970 mafuta yaligunduliwa baharini kwao. Baraza lao likawahi kupata sheria yake maalumu mwaka 1974, likapatana na makampuni, na sehemu ya mapato ikawekwa katika mfuko wa amana ulioanzishwa 1976. Kwa lugha yetu ni kama wakfu: shamba haliuzwi, huliwa matunda yake. Matunda ya mfuko huo yamesaidia huduma za wazee, viwanja vya michezo, makumbusho na sanaa. Wamejenga majumba pia, na mojawapo, ukumbi wa Mareel uliofunguliwa Lerwick mwaka 2012, lilizua ubishi mkubwa kuhusu gharama zake. Hawakukosa makosa.

Kilichonigusa ni fidla. Kupiga fidla ndiyo roho ya muziki wa Shetland, na ulikuwa unafifia pamoja na wazee wake. Mpigaji mmoja mashuhuri, Tom Anderson, alizunguka akikusanya nyimbo za wazee, kisha akaanza kuifundisha fidla ya kienyeji katika skuli, kazi iliyolipiwa na mamlaka ya elimu. Alifariki 1991. Wanafunzi wake wakawa walimu, na wanafunzi wa wanafunzi wake leo wanajaza matamasha. Na mwaka 2021 serikali ya Uskoti ilifuta ada ya kujifunza ala za muziki katika skuli zote za umma. Hapo sioni miujiza wala utajiri wa mafuta pekee. Naona uamuzi. Mtu aliyekuwa anajua alilipwa afundishe, siku za kawaida, mwaka baada ya mwaka, katika skuli ya watoto wote.

Sisi hatuna mafuta. Tuna wageni. Mwaka 2024 walioingia Zanzibar walizidi 700,000. Wanatufuata kwa bahari na fukwe, ndiyo, lakini kila tangazo la utalii wetu lina ngoma, lina taarab, lina mlango wa kuchonga. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji huyu mwenye fidla amepona? Oktoba 2024 wageni walianza kulipia bima ya lazima, dola 44 kwa mtu mzima. Fedha za bima ni za bima, zibaki huko. Ninachosema ni kwamba tumeshaonyesha tunaweza kukusanya kwa kila kichwa kinachoshuka. Dola moja tu kwa kila mgeni wa mwaka ule ingetupa zaidi ya shilingi bilioni 1.5.

Fanyeni hesabu pamoja nami, wenye kalamu waandike. Tuseme walimu 50 wa sanaa za asili, Unguja na Pemba, kila mmoja apewe posho ya shilingi 500,000 kwa mwezi, kwa sharti la kufundisha watoto jioni tatu kwa wiki katika skuli ya jirani. Hiyo ni milioni 25 kwa mwezi, milioni 300 kwa mwaka. Katika ile bilioni na nusu zimebaki nyingi za nyuzi, ngozi za ngoma, nauli za boti kwa vikundi vya Pemba, na kazi ya kuhifadhi kanda. Mwenye hesabu bora kuliko yangu na ailete. Nitaisoma hapa hapa hewani.

Wapo wanaopendekeza mikopo badala ya posho. Bara wamefufua Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na unawakopesha wasanii kwa masharti nafuu. Kwa mtengeneza filamu au mwenye studio, mkopo ni jambo jema: ana kitu cha kuuza, atarejesha. Kwa bibi wa miaka 70 anayefundisha msewe chini ya mwembe, mkopo ni kumfunga jiwe shingoni. Auze nini ili alipe? Tena utamaduni si jambo la Muungano. Uamuzi huu ni wetu, uko katika Baraza letu la Wawakilishi, na tusiutafutie mwenye kulaumiwa ng'ambo ya maji.

Sasa lile la udhibiti nililoahidi kulirudia. Fedha za namna hii zisikae mkononi mwa yule yule anayetoa vibali na kukagua mashairi. Anayesoma wimbo ili auruhusu au auzuie asiwe ndiye anayesaini posho ya mtunzi wake. Kamati iwe ya watu wanaoijua kazi: wazee wa klabu, walimu wa skuli, watu wa Pemba kwa idadi yao, wanawake wa kutosha, na majina ya waliopata fedha yatangazwe kila mwaka, hapa redioni, kijiji kwa kijiji. Mwalimu alipwe kwa watoto aliowafundisha. Watoto wale wataimba nini wakikua, hilo si la kamati. Bila sharti hili mimi mwenyewe nitaupinga mfuko huo, pamoja na yote niliyosema tangu tulipoanza.

Na kwa wapenzi wa sanaa nina neno pia. Tumezoea kuomba kwa ajili ya tamasha: jukwaa kubwa, spika kubwa, msanii mkubwa kutoka nje. Tuombe vingine. Klabu ikimuandikia mkuu wa mkoa barua ya kuomba msaada, kipengele cha kwanza kiwe ni cha kufundisha watoto, na cha pili, na cha tatu. Ukumbi ukikosekana watu watakaa kwenye baraza, wameshafanya hivyo miaka na miaka. Mwalimu akikosekana hawatakuwa na la kukalia.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo, Mei na Juni, Wawakilishi hukaa Chukwani kupitisha mafungu, wizara moja baada ya nyingine, na kwa miaka mingi utamaduni umekuwa ukiwekwa pamoja na habari na michezo, ambako mpira wa miguu una sauti kubwa. Mwakilishi wako anayo namba ya simu, na jimboni hufika. Muulize kwa heshima, muulize kwa jina: katika fungu la utamaduni la mwaka huu, ni shilingi ngapi zimetengwa kumlipa mtu anayefundisha mtoto ngoma, udi, ganuni au kibati, na katika hizo ngapi zinavuka kwenda Pemba? Akikupa jibu, tupigie simu hapa studio ulisome mwenyewe. Akikosa jibu, tupigie vilevile.